Watu Kumi wa Katriena

Chumvi ilikuwa imeingia kwenye nyufa za vidole vya Mzee Getzel Pokroy, na kila alipoukaza mkono kwenye kisu nyufa zilifunguka upya. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya banda lake, anakwangua mafuta ya ngozi ya kondoo. Ngozi yenyewe ilikuwa mbovu, imeliwa na funza shingoni, lakini wakulima wa Vaalkrans waliacha kumuuzia zilizo nzima tangu walipoambiwa mkutanoni kwamba Myahudi anainyonya nchi damu. Getzel alikuwa na miaka sabini na mmoja, meno manne na suruali moja. Hiyo damu aliyoinyonya, hata yeye angependa aonyeshwe alikoiweka.

Nusu ya banda ilikuwa ya ngozi na mifupa. Nusu nyingine, nyuma ya pazia la magunia, ilikuwa nyumba: kitanda, jiko, na viatu vya Katriena kando ya ukuta, vimekaa pamoja kama alivyoviacha. Katriena alikuwa amekufa siku tisa zilizopita. Ijumaa kifua kilimbana, Jumatatu akatulia.

Motokaa ilisimama nje. Getzel hakuinua kichwa. Katika mji mzima motokaa inayosimama taratibu namna ile, kama inayoogopa kuchafua magurudumu, ilikuwa moja tu.

"Wewe Getzel! Umo humo?"

"Nimo, Berl. Ingia, ngozi haziumi."

Aliyeingia, leso puani, alikuwa Bernard Zussman, mwenye hoteli, mwenye duka kubwa na mwenyekiti wa sinagogi. Hakupenda kuitwa Berl. Berl lilikuwa jina la kule kwao Lithuania, alikokuwa mtoto wa makamasi wakati Getzel keshaota ndevu. Huku Afrika Kusini alikuwa Bernard, na kibao cha hoteli kilisema hivyo kwa herufi za dhahabu.

"Tumekuwa tisa," alisema Zussman ndani ya leso.

"Hongereni."

"Usinitanie. Jana jioni tisa, leo asubuhi tisa. Leo ni kumbukumbu ya kifo cha mama yangu. Jua likizama ndiyo basi mpaka mwakani, na sijamsomea sala hata mara moja. Vaa kofia twende."

Sinagogi la Vaalkrans lilijengwa kwa mawe, na viti sitini vya mbao nzuri, zamani zile wanawake wa Ulaya walipokuwa wanavaa kofia zenye manyoya ya mbuni na kila Myahudi aliyeuza manyoya alijiona mfalme Suleimani. Siku hizo Getzel alikalishwa kwenye benchi karibu na mlango, pale watu wanapoacha miavuli, kwa sababu aliishi na mwanamke chotara bila kuficha. Wengine walikuwa nao pia, ila walificha. Kisha wanawake wa Ulaya wakachoka na manyoya. Familia moja ikahama, ya pili ikahama, viti vikawa vingi kuliko makalio, na bei ya Getzel ikaanza kupanda. Maana sala ya wafu haisomwi mpaka wanaume kumi wa Kiyahudi wawe wamesimama pamoja. Hawaulizwi kama wanaamini, wala kama wameoga. Wanahesabiwa tu. Mwaka huu walikuwa wamebaki kumi, na wa kumi alikuwa yule wa benchi la miavuli.

"Siku tisa hujaonekana," alisema Zussman. "Umekasirika, nimeelewa. Lakini mama yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Mama yako alinitilia viazi vya moto mfukoni siku naondoka kijijini. Nitakuja." Getzel alikiweka kisu chini. "Lakini na mimi nina wangu."

"Wako nani?"

"Unamjua."

"Yule mpishi wako?"

"Mke wangu. Miaka thelathini na minne."

"Mke kwa sheria gani?"

"Sheria ya kulala kitanda kimoja na kugombania blanketi."

Zussman aliitazama saa yake, kisha akautazama mlango, ambako jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Mama yake alikaa miaka miwili kitandani kabla ya kufa, hawezi kugeuka bila kugeuzwa. Mke wa Zussman alikuwa na moyo dhaifu ambao ulidhoofika zaidi kila alipoona beseni. Aliyemgeuza yule bibi, akamwosha, akamkata kucha na kumlisha supu kwa kijiko alikuwa Katriena. Na yule bibi, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye, alimfundisha Katriena kila alichokijua: kuwasha mishumaa Ijumaa jioni, kutoa damu kwenye nyama kwa chumvi, kufunga siku ya toba, na maneno ya kusema mkate ukitoka jikoni. Alitegemea atamfundisha kazi tu. Akajikuta amemfanya muumini.

Getzel mwenyewe alikuwa haamini. Imani yake iliisha kama sabuni, kidogo kidogo, hakuna siku ambayo angeweza kuitaja. Ijumaa alipomwona Katriena amefunika macho kwa viganja mbele ya mishumaa, alikuwa akimwambia, "Msalimie, mwambie Getzel anauliza mbona huleti mvua." Katriena alikuwa akimjibu bila kuondoa viganja, "Kasema uoge kwanza."

Kabla hajakata roho alimshika mkono. "Getz, utanisomea? Na watu kumi?" Aliamini kwamba bila maneno yale roho inabaki nje ya mlango, imesimama, inasubiri kuitwa. Getzel hakuamini jambo hilo. Lakini kusubiri kwa Katriena nje ya mlango alikuwa amekuona kwa macho yake.

"Mkishamaliza ya mama yako," alimwambia Zussman, "msitoke. Simameni palepale. Sala ni ileile, ni dakika mbili, haitawang'oa meno."

"Tutaliangalia."

"Basi nenda kawe tisa."

Zussman aliibana leso kwenye ngumi. "Haya!"

"Haya nini?"

"Haya ndiyo! Ndiyo, Getzel! Vaa kofia!"

Ndani ya motokaa Zussman alitandika gazeti kwenye kiti kabla ya Getzel kukaa. Walipita kanisa, benki, mahakama. Ukutani mwa duka la Zussman mtu alikuwa amechora pua kubwa kwa lami, na mfanyakazi mmoja alikuwa anaisugua kwa mafuta ya taa, akiitandaza zaidi.

"Umeona?" alisema Zussman. "Watu kama wewe ndio mnaosababisha haya. Unazunguka mashambani na mifupa mgongoni, unanuka, unaishi na machotara. Wanakuona wewe, wanatuchukia sisi."

"Lakini pua waliyochora ni yako, Berl. Mimi yangu imepinda upande wa pili."

Zussman alisimamisha motokaa mbele ya sinagogi.

Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta mfupi unaotazamana na sinagogi, walikuwa wamekaa vijana wanane au tisa wa mashati ya kijivu, sare ya chama kilichoitisha ile mikutano ya kuwachukia Wayahudi. Walikuwa wanakuja kila wakati wa sala, kama watu wengine wanavyokwenda mpirani. Mzee mmoja wa Kiyahudi alipovuka barabara walilia kama mbuzi. Zussman alivua kofia yake.

"Hujambo, Gawie? Baba mzima?" Baba yake Gawie alikuwa meneja wa benki na kila Jumamosi alikunywa hotelini kwa Zussman.

"Meeee," alisema Gawie.

Zussman alirudisha kofia kichwani na kuingia ndani haraka.

Saba walikuwa wamekwisha fika. Mchungaji wa sala, Notkin, alikuwa anatembea huku na huku. Huyu alikuwa mchinja kuku wao, msomaji wao na mwalimu wa watoto ambao hawakuwepo tena, na alikaa kwenye nyumba nyuma ya hoteli bila kulipa pango.

"Amekuja!" alisema Lipman, fundi cherehani, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Masihi amekuja, na harufu yake. Karibu, mzee mwenzangu. Sikuwahi kudhani nitafurahi kuiona sura hiyo."

"Nimekuja kwa mkataba," alisema Getzel.

"Kila mtu hapa kaja kwa mkataba. Mimi nimeshona sare kumi na mbili za wahudumu wa hoteli, unadhani nimefuata malaika?"

Wa kumi, Kagan wa kinu, aliingia akifuta mate ya mtu begani. Getzel alifunga mlango kwa ufunguo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mtu wa benchi la miavuli tangu vijana walipoanza kurusha mawe: kufunga sala ikianza na kufungua ikiisha. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa tayari kimevunjwa na kuzibwa kwa kipande cha boksi.

Notkin aliikimbiza sala kana kwamba anamkimbiza kuku. Jua lilikuwa bado limeshika ncha ya paa la benki Zussman aliposimama mbele, akamsomea mama yake. Jina lake kuu litukuzwe na kutakaswa, na wale tisa wakaitikia amina. Mstari, amina. Mstari, amina. Getzel aliitikia kwa sauti kuliko wote. Alikuwa anakumbuka viazi. Zussman alilia kidogo, akajifuta kwa leso ileile aliyokuwa ameizibia pua.

Kisha watu wakaanza kuvaa makoti.

"Bado," alisema Getzel. Alikuwa ameondoka mlangoni, anatembea katikati ya viti, na visigino vya viatu vyake vilisikika. "Kuna mmoja amebaki. Berl, waambie."

Zussman alikuwa anafunga vifungo vya koti. "Niwaambie nini?"

"Ulisema ndiyo."

"Nilisema ndiyo, vaa kofia. Ulivaa."

Mtu mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Getzel alimgeukia Notkin.

"Mchungaji. Wewe umesoma. Niambie ni wapi imeandikwa kwamba mwanaume haruhusiwi kumsomea mkewe."

"Hakuwa Myahudi, Mzee Getzel."

"Imeandikwa wapi?"

Notkin alizitazama kucha zake. "Haijaandikwa kwamba ni marufuku. Haijaandikwa pia kwamba ni lazima. Jambo kama hilo linaachwa kwa... kwa jamii."

"Na jamii ni nani?"

Notkin hakumtazama Zussman. Alijitahidi sana asimtazame.

"Alikuja mlango ule mara nne," alisema Getzel. "Mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa amevaa gauni lake la bluu. Anayetaka kuingia dini yetu anafukuzwa mara tatu ili aonekane kama ana nia. Hiyo tunaijua wote. Mkamfukuza mara tatu. Akaniambia, 'Getz, usinune, ni utaratibu, mara ya nne wanafungua.' Akaja ya nne. Mkamwambia mtafikiria. Ni miaka kumi na tisa. Bado mnafikiria?"

"Punguza sauti," alisema Zussman. "Wale nje wanasikia."

"Alimwosha mama yako mavi, Berl."

"Na nilimlipa!"

"Ukamlipa. Na mwalimu wake alikuwa mama yako. Kila alichojua kuhusu Mungu alifundishwa na huyo uliyemlilia sasa hivi."

Zussman aliwageukia wenzake, na sasa sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo kwa watoto. "Jamani, sina ubaya na yule mama. Alikuwa mtu mwema. Lakini tazameni nje. Tazameni! Weupe wetu katika nchi hii ni wa kuazima, na wenyewe wanautaka urudi. Leo tusimame hapa tumwombee chotara, kesho mjini watasema sinagogi la Wayahudi ni la machotara. Halafu? Nani atakuja hotelini? Nani atapeleka nafaka kwa Kagan? Watoto wetu watasoma shule gani? Nawauliza. Kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kufa."

"Mama yako amekwisha kufa pia," alisema Lipman, na hapo hapo akajuta.

"Fungua mlango, Getzel," alisema Zussman.

Getzel aliutoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto. Aliutazama, akainama, akautumbukiza ndani ya buti lake mpaka ukafika kifundoni.

"Tupo kumi," alisema. "Sijawaomba muamini. Mimi mwenyewe siamini, na miaka yote hii mmenihesabu. Sikuwaomba mumpende. Simameni tu. Nyama kumi, mifupa kumi. Hiyo ndiyo biashara yangu, najua kuipima."

"Wewe ni mwendawazimu."

"Nivueni buti basi. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Lilikuwa buti la mtu anayekwangua ngozi.

"Sikiliza wewe mzee," Zussman alisogea karibu, akinong'ona. "Wewe huna mtoto, huna ndugu. Siku utakapokufa ni sisi tutakaokuosha. Ni sisi tutakaoamua kama unaingia ndani ya ukuta wa makaburi yetu. Fikiria vizuri."

"Yeye yuko wapi?"

"Nani?"

"Katriena. Hujui amezikwa wapi, siyo? Misheni walimkataa kwa sababu aliacha kwenda kanisani kwao. Nyinyi mlimkataa kwa sababu alitaka kuja kwenu. Mimi na kaka yake Apools tumechimba kwenye njia ya machimbo ya mawe. Udongo ulikuwa umeganda, tumechimba siku nzima. Pembeni yake pana nafasi. Usihangaike na ukuta wako."

Aligeuka, akaelekea upande wa kusalia kama inavyotakiwa, akaunganisha miguu. Alivuta pumzi. Maneno hayo alikuwa hajayasoma tangu afe baba yake, lakini yalikuwepo, yote, kama vyombo vilivyofungiwa kabatini.

Jina lake kuu litukuzwe na kutakaswa, alisema, na akanyamaza.

Sala hiyo ina mahali pa msomaji na mahali pa wengine. Msomaji anasema, wengine wanaitikia. Pasipoitikiwa ni mzee mmoja anaongea peke yake kwenye nyumba ya mawe.

Hawakuitikia.

Alisubiri. Alisikia koti likisuguana na kiti. Alisikia tumbo la mtu. Akafikiri labda hawakumsikia, akarudia mstari uleule, kwa nguvu zaidi, na akageuza kichwa. Walikuwa wamesimama, tisa kamili, kila mmoja mahali pake, kofia kichwani, na midomo imefungwa. Kagan alikuwa anahesabu taa. Notkin alikuwa amefumba macho kana kwamba anaomba. Lipman alifungua mdomo. Getzel aliuona ulimi wake. Lipman akamtazama Zussman, na mdomo ukafunga.

"Umetaka tusimame," alisema Zussman. "Tumesimama."

Mikono ya Getzel iliyopasuka ikajikunja yenyewe kuwa ngumi. Hakuwahi kumpiga mtu tangu azaliwe. Alijua sasa kwamba ilikuwa ni kwa kukosa nafasi tu. Badala ya ngumi ulimtoka ule mstari, mara ya tatu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, sauti ya mnadani, iliyotikisa vioo.

Jina lake kuu litukuzwe na kutakaswa!



"Aaaamiiiina!"

Ilitoka nje. Ilikuwa ndefu na ya mbuzi, na nyuma yake kikaja kicheko. Mwingine akadakia, mzito zaidi: "Amiiina, Myahudi!" Wakacheka wote ukutani.

"Umeona?" alisema Zussman, uso umemsawijika. "Umeona ulichofanya? Nyamaza sasa. Nyamaza, mzee, watakuja."

Getzel alikuwa amesimama anasikiliza. Alielekea dirishani. Alishika kile kipande cha boksi kwenye kioo kilichovunjika, akakivuta mpaka kikatoka na misumari yake, na baridi ikaingia pamoja na mwanga wa mwisho. Vijana walikuwa wameshuka ukutani. Walikuwa wamesimama barabarani, Gawie mbele, mikono mifukoni, nyuso zimewaiva kwa baridi na furaha.

"Soma, Myahudi!" alipiga kelele mmoja wao. "Soma, tunakuitikia!"

"Getzel, kwa jina la Mungu," alisema Notkin nyuma yake.

Getzel aliuweka uso wake kwenye lile tundu. Akasoma mstari wa pili wote, polepole, neno kwa neno, bila kuruka hata moja, kisha akasimama mahali pa kusimama, akasubiri.

"Amiiina!" waliitikia wote kwa pamoja, na mmoja akaokota jiwe.

Getzel akaanza mstari wa tatu.